Karani wa Mapazia: Miaka Thelathini na Miwili ya Kusema Asante

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, Karani wetu atafunika taipureta yake, atafunga droo mbili za meza, atamkabidhi Sista Mkuu funguo na kustaafu. Atakuwa ameitumikia shule hii miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku sita. Hesabu hiyo si yangu. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba ametumikia zaidi ya miaka thelathini, akanirudishia karatasi na kuniuliza hiyo zaidi ni kiasi gani.

Mimi ni karani msaidizi. Meza yangu ni ile ya pili, iliyo karibu na mlango, na kwa miaka ishirini nimeutazama zaidi mgongo wa mzee huyu kuliko nilivyoutazama uso wa mume wangu. Kamati ya sherehe ilinichagua niandike wasifu huu kwa kuwa ninamfahamu kuliko wengine, na pia kwa kuwa siku ya kikao sikuwapo. Haya basi.

Alifika akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, amevaa koti la kijivu ambalo bado analo. Sista Mkuu wa wakati ule, ambaye sote tunamwita Sista wa Kwanza kwa sababu ndiye aliyeianzisha shule, alimpa mtihani wa kuandika barua ya kumwomba radhi mwuza chaki. Wenzake wawili waliokuja kuomba kazi hiyohiyo waliandika ukurasa mzima wa majuto. Yeye alikaa mbele ya mashine mikono mapajani, kisha akauliza shule ilikuwa imemkosea nini hasa huyo mwuza chaki. Sista wa Kwanza akawaambia wale wawili wanaweza kwenda.

Kazi yake imekuwa ileile tangu hapo: barua, orodha za mitihani, vyeti, kumbukumbu za vikao. Kwa miaka yote hiyo hajakosa kazini ila siku tatu. Moja ni ya harusi yake. Mbili ni za kujifungua kwa mkewe: aliomba siku moja kwa mtoto mmoja, wakazaliwa pacha, akatuma barua ya kuomba radhi na kuongeza siku ya pili. Nakala ipo kwenye faili.

Lakini jamani, tuseme ukweli. Hakuna anayemkumbuka Karani kwa orodha za mitihani. Anakumbukwa kwa mapazia, na mapazia hayaeleweki mpaka kwanza nieleze habari ya kengele.

Kabla Karani hajaajiriwa, muungwana mmoja mfanyabiashara wa saruji aliipa shule kengele ya shaba. Sista wa Kwanza alimwandikia barua nzuri ya shukrani, na mwishoni akaongeza mstari mmoja wa kuuliza kama angeweza kutupatia na nguzo za kuitundika. Muungwana hakujibu. Mwaka uliofuata hakuja, na uliofuata huo alipita barabarani na gari lake bila kugeuza shingo. Kengele ikakalishwa juu ya tairi kuukuu la lori, nje ya dirisha la ofisi, na ikawa inagongwa kwa kipande cha nondo. Sauti yake ilikuwa ya sufuria iliyoanguka jikoni. Siku hiyo ikapatikana sheria ya shule isiyoandikwa popote: barua ya shukrani ni ya shukrani tu. Asante na nipe hazikai bahasha moja.

Karani aliikuta sheria hiyo, akaikubali, akaongeza ya kwake. Yeye haandiki asante mpaka akione kitu chenyewe kikifanya kazi. Ukileta madaftari, atasubiri yaandikwe. Ukileta jembe, atasubiri palimwe. Anazunguka na kijitabu chake chenye jalada jeusi, anasimama mlangoni mwa darasa, anatazama, anaandika mstari, anaondoka bila kuaga. Walimu wapya huwa wanadhani ni mkaguzi na huanza kufundisha vizuri.

Katika mwaka wake wa pili kazini, tulipokea zawadi kutoka kwa familia yenye kiwanda cha vitambaa. Binti wa familia hiyo alikuwa amesoma hapa na kumaliza salama. Baba mwenye nyumba alikuwa amefariki mwaka uleule, na mjane wake, ambaye tangu hapo tumemwita Bibi, aliamua kutukumbuka. Alituma sanduku kubwa la mapazia. Wakati ule shule ilikuwa na madirisha mengi na mapazia hakuna, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Karani alizunguka siku nne. Barua aliyoiandika ninayo hapa mbele yangu, ile nakala ya kaboni. Inasema kwamba katika darasa la pili upande wa mashariki, msichana wa dawati la tatu alikuwa akisoma kila asubuhi kiganja kikiwa juu ya macho kwa ajili ya jua. Sasa pazia linalizuia jua, kwa hiyo msichana ana mikono miwili, na ule wa pili ameanza kuuandikia. Ni hayo tu, na sahihi ya Sista.

Kabla ya siku ya kumi na nne jibu lilikuja. Bibi aliuliza yule msichana ni wa nani, na je, anaandika nini. Karani alimjibu. Mwaka uliofuata yalikuja mapazia.

Na mwaka uliofuata. Na uliofuata.

Kutoa ni moyo, na moyo wa Bibi ulikuwa wa mapazia. Kufikia mwaka wa tano kila dirisha lilikuwa na lake, likiwemo dirisha la stoo ambalo lilikwisha zibwa kwa matofali. Mapazia yakaanza kutafutiwa kazi nyingine. Wapishi wakapata aproni. Chumba cha wagonjwa kikapata vizuizi vya kutenganisha vitanda. Kwaya ikashonewa majoho, ikapigwa picha mbele ya mapazia ya kitambaa kilekile, na kwenye picha hiyo zinaonekana nyuso ishirini na mbili zikielea hewani. Kiti cha maungamo kanisani kiliwekewa pazia zito mno hata Padri akawa hasikii dhambi, anatoa malipizi kwa kukisia. Karani alikwenda, akakaa, akasikiliza, akaandika kwamba pazia linatunza siri kikamilifu. Hakuongopa hata neno.

Kila barua ilikuwa na mtu ndani yake. Mpishi ambaye aproni ilimwokoa na mafuta ya moto. Mgonjwa aliyelala mchana kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima. Mwimbaji mfupi ambaye kwa sababu ya joho refu alionekana amekua. Mkewe Karani, ambaye ni muuguzi na ambaye mimi namwita wifi, alikuwa akisema katika ndoa yake amepata barua moja tu kutoka kwa mumewe, na ilikuwa orodha ya vitu vya kununua, pamoja na salamu. Barua za mapenzi, alisema wifi, zote zinakwenda kwa mwanamke mwingine na zote zinahusu mapazia. Karani alimsikia, akaikubali hoja, na hakubadilisha kitu.

Shida ni kwamba shule haikuwa inaishi kwa mapazia. Maabara ilikuwa meza moja na kabati lililofungwa. Maji yalitoka bombani kwa hiari yake. Mwalimu wa fizikia, mtu wa maneno makali, alisimama kikaoni akasema hii ni shule pekee anayoijua ambayo jua haliruhusiwi kuingia ila mvua inakaribishwa. Alitaka Bibi aambiwe. Sista Mkuu, ambaye sasa alikuwa Sista wa Pili, aligeuza macho dirishani akaitazama ile kengele juu ya tairi. Sote tukaitazama. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kikao kikafungwa kwa sala.

Mvua aliyoisema mwalimu wa fizikia ilikuwa ya bweni. Bweni letu lina vitanda tisini na sita, na bati lake lilikuwa limechoka. Fundi wa shule alilipaka lami, akalipigia viraka, akapigilia viraka juu ya viraka, mwisho akasema akipanda tena atashuka na paa lenyewe. Kisha akaja mkaguzi. Alikuwa kijana mpole, na barua aliyoiacha ilikuwa fupi: paa lizibwe kabla muhula haujaisha, la sivyo bweni lifungwe. Zilibaki wiki tisa. Wengi wa wasichana wale walitoka mbali, na kufungwa kwa bweni kulikuwa kufungwa kwa shule. Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye baba yake alikuwa dereva wa lori na mama hana, alikuwa na shangazi tu wa kurudi kwake. Shangazi alikwisha kumwambia kwamba kwake kazi ipo, kitabu hakipo.

Wiki hiyohiyo likaja sanduku la kumi na saba. Mapazia thelathini na mawili, mazito, yenye bitana, kile kitambaa cha pili kinachoshonewa nyuma.

Siku ya mvua Karani alichukua kijitabu chake akaenda bwenini. Matroni alimfungulia, wasichana wakiwa darasani. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi bega lake la kushoto lilikuwa limelowa, hakulifuta. Alikaa, akaingiza karatasi mbili na kaboni katikati, akaandika bila kusimama. Barua nzima ni hii:

"Tunashukuru kwa mapazia thelathini na mawili yenye bitana, yaliyotufikia yakiwa makavu. Ishirini na manane yapo madirishani. Manne wasichana wameyafunga chini ya paa la bweni, juu ya vitanda vya mstari wa kati, kwa kamba za kuanikia nguo. Kitambaa ni kizito na hakipitishi maji upesi. Maji hukusanyika katikati, hushukia pembe moja na kuingia kwenye ndoo. Zamani vitanda kumi na vinane vilikuwa vikilowa. Sasa vinalowa sita. Mpango huu ulibuniwa na binti wa dereva wa lori, wa kidato cha tatu, ambaye kitanda chake ni kimoja kati ya hivyo sita, kwa kuwa aliwatanguliza wenzake. Mapazia ya mwaka jana hayakuwa na bitana na yasingeiweza kazi hii. Tunashukuru kwa bitana."

Sista wa Pili aliisoma, akavua miwani, akaivaa, akaisoma tena. Akauliza kama hii si kuomba. Karani akamsihi amwonyeshe neno lililoomba. Sista alilitafuta mara tatu kwa kidole, hakuliona, na bado hakutia sahihi. Barua ilikaa mezani kwake siku mbili, chini ya jiwe la kuzuia karatasi. Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri, matroni akaja kuomba ndoo nyingine, na Sista akatia sahihi. Alimwambia Karani kwamba ikiwa Bibi atafanya kama yule wa kengele, atakwenda kuwaeleza wasichana tisini na sita mmoja mmoja, na yeye Sista hatakuwapo. Karani aliipeleka barua posta kwa miguu yake.

Siku ya kumi na nne hakuna jibu. Ya kumi na tano hakuna. Ya ishirini, hakuna. Karani, ambaye hajawahi kumsumbua mtu, alianza kumwuliza mlinzi wa getini mara tatu kwa siku kama posta imepita. Mlinzi alianza kujificha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi ofisini tulikuwa tunausubiri huo mshindo kila mlango ulipofunguliwa.

Siku ya ishirini na sita aliniambia jambo. Ni mara moja tu katika miaka ishirini. Alisema anaogopa. Alisema heri angeomba waziwazi kama mtu mzima, au angenyamaza, lakini yeye alijificha nyuma ya bitana akijiona mjanja, na sasa wasichana wale watarudishwa makwao kwa sababu ya ujanja wake. Alisema hayo akiitazama kengele. Nilimpa chai, akaishika mpaka ikapoa. Jioni ile niliona karatasi kwenye mashine yake, barua ya kuacha kazi. Ilikuwa imeanza kwa kuishukuru shule, ukurasa wa kwanza ukaisha kwa shukrani, na katikati ya ukurasa wa pili bado alikuwa hajaacha kazi.

Siku ya thelathini na nne, kipindi cha pili cha asubuhi, gari liliingia. Aliteremka mwana mkubwa wa Bibi, akateremka mjukuu wa kike na mkoba, na mwisho, kwa fimbo na kwa taratibu zake, akateremka Bibi mwenyewe. Kwaya ilikurupushwa ikajipanga na majoho yake. Bibi aliipita. Akakataa chai, akakataa kiti, akakataa kitabu cha wageni. Akasema apelekwe bwenini.

Tulikwenda sote, hata wasiohusika. Bibi akasimama chini ya mstari wa kati akatazama juu. Mapazia yake manne yalikuwa yananing'inia pale, bitana imegeuka rangi ya kutu. Akauliza nani kafunga. Binti wa dereva akaitwa kutoka darasani, akaja, akaamkia shikamoo mara mbili. Bibi alimwambia mafundo yake ni aibu tupu, na kwamba bitana huelekezwa kwenye maji, haielekezwi kitandani, hata mtoto mdogo anajua. Binti akajibu kwa adabu kwamba amejaribu pande zote mbili, na upande huu ndio unaovuja kidogo. Bibi akamwamuru apande amwonyeshe. Akapanda, akageuza, fundi wa shule akapewa jagi la maji ayamwage huko juu. Bibi akatazama matone yanavyoanguka, kisha akasema sawa, na kwamba ameuza vitambaa miaka arobaini na jambo hilo alikuwa halijui.

Ndipo akamgeukia Karani. Nani, alimwuliza, aliyemfundisha kuficha? Akasema kila mwaka watoto wake walimwambia aipe shule kitu cha maana, mabati, tangi, chochote, na kila mwaka yeye alikwenda kabatini akatoa barua ya Karani, akawasomea, wakanyamaza. Alikuwa akisema shule yangu inapenda mapazia, nyinyi mnajua nini. Akasema barua ya kwanza ilimkuta mjane wa miezi mitano, hataki kuamka, akaamka kwa ajili ya kujua yule msichana wa dawati la tatu anaandika nini. Na tangu siku hiyo alikuwa akituma mapazia ili barua ije. Kumbe yeye analala pakavu anajisifu, na watoto wa watu wananyeshewa chini ya sifa zake. Alipopata ile barua ya bitana alikasirika wiki tatu nzima, asimjibu mtu. Hapo mjukuu akamshika mkono.

Karani alisimama wima ndani ya koti lake la kijivu. Alisema kwamba katika barua kumi na saba hajamwandikia Bibi uongo hata mstari mmoja. Akasema shida ilikuwa moja tu: hakuna aliyewahi kutupa paa, kwa hiyo yeye hakuwa na mahali pa kuanzia kushukuru.

Sista wa Pili alifumba macho. Halafu Bibi akakaa juu ya kitanda namba kumi na nne na kuanza kucheka. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, akafuta macho kwa kitambaa, akacheka tena, na mimi niliyekuwa karibu nasema kulikuwa na kicheko na kulikuwa na kilio, na mwenyewe hakujali kuvitenganisha. Alipopata pumzi alimwambia mwanawe apige simu. Mwanawe akasema mafundi walikwisha pewa kazi tangu wiki iliyopita, kwa amri yake mwenyewe, au amesahau? Bibi akasema hajasahau, anataka wahimizwe.

Paa lilikwisha siku tisa kabla ya tarehe ya mkaguzi. Mkaguzi mpole alikuja, akazunguka, akatafuta tundu, akakosa. Alichoandika tu ni kwamba mapazia yamezidi.

Sasa msidhani Karani alikaa siku hiyohiyo kuandika asante. Thubutu! Mvua zilikuwa zimekatika. Paa lilikuwa zuri, jipya, linang'aa, lakini lilikuwa bado halijafanya kazi yoyote. Sista alimbembeleza, Padri alimbembeleza, mjukuu wa Bibi alipiga simu kuuliza kwa upole kama paa limeanguka. Karani aliwajibu wote kwamba anasubiri. Alisubiri wiki tano. Mvua ya kwanza iliponyesha alikwenda bwenini na mwavuli uliofungwa, akasimama saa nzima katikati ya vitanda, akarudi mabega yote mawili yakiwa makavu. Ndipo akaingiza kaboni.

Kuanzia hapo Bibi alitoa amri: kila barua, baada ya shukrani, iwe na sehemu inayoitwa Hali Ilivyo. Kwa njia hiyo lilikuja tangi la maji. Ikaja maabara, na mwalimu wa fizikia akakosa la kusema kwa karibu mwezi mzima. Na kwa kuwa Bibi siku ile alipokuwa akirudi garini aliuliza kitu gani kile juu ya tairi, zilikuja nguzo mbili. Asubuhi ya kwanza kengele ilipolia kama kengele, wanafunzi walikimbilia uwanjani wakidhani kunaungua. Binti wa dereva alimaliza kidato cha nne, akachukuliwa kiwandani, leo ni msimamizi wa idara ya ufumaji. Karani anasema kwa mujibu wa taarifa alizonazo mafundo yake yametengemaa.

Mapazia pia yanakuja. Kila mwaka, mpaka leo, sanduku la thelathini na moja. Bibi alisema desturi hiyo isiguswe.

Bibi sasa haoni vizuri, barua husomewa na mjukuu. Mwaka huu, kwa kuwa mimi ndiye nitakayeirithi ile meza, Karani aliniachia niandike. Niliandika kwamba mapazia yametupendeza sana. Siku ya tatu mjukuu akapiga simu: Bibi amemkatisha kwenye mstari wa pili na kuuliza kama Karani anaumwa. Karani alinitazama juu ya miwani, akaniuliza mapazia yamefanya nini. Sikujua. Nikachukua kijitabu changu nikaanza kuzunguka, na katika darasa la nne nikamkuta msichana aliyelala ubavuni mwa dirisha wakati wa mapumziko, pazia limemfunika kichwa. Alikuwa amekesha na mdogo wake kwenye chumba cha wagonjwa. Nikaandika hilo. Jibu lilikuja siku ya kumi na moja, likiuliza hali ya mdogo mtu.

Mwezi uliopita lilikuja sanduku jingine, dogo. Lilikuwa na jina la Karani, si la shule, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ndani yalikuwamo mapazia sita, yaliyokatwa sawasawa kwa vipimo vya madirisha ya nyumba yake aliyoijenga ya kustaafia, mitaa miwili nyuma ya shule. Kwake alikuwa hajawahi kuweka pazia. Vioo vya chini alivipaka rangi nyeupe basi. Wifi ndiye aliyepima kwa siri na kumtumia mjukuu vipimo. Karani aliyatundika, akakaa nayo siku kumi, kisha akaja ofisini Jumamosi akaandika barua. Karatasi moja. Hakuweka kaboni. Kwa hiyo katika barua zote za miaka thelathini, hiyo ndiyo pekee ambayo shule haina nakala, na mimi sijui inasemaje. Mjukuu aliniambia tu kwamba Bibi aliomba isomwe mara mbili, akaomba aachiwe mkononi, na akasema asisumbuliwe mpaka saa ya chai.

Rasimu ya wasifu huu Karani ameisoma, kwa sababu hakuna karatasi inayotoka ofisi hii bila yeye kuisoma. Amefuta neno hodari, neno mahiri, neno nguzo, na sentensi nzima iliyosema shule haitakuwa ileile bila yeye. Chini, pale nilipokuwa nimeandika kwamba tunamshukuru sana, hakufuta. Aliandika pembeni kwa penseli: Umeona?

Jumatatu mvua ilinyesha saa nane mchana. Nilichukua mwavuli, nikaufunga, nikaenda bwenini. Nilisimama katikati ya mstari wa kati kwa saa nzima, hata matroni akaniuliza kama ninaumwa. Vitanda ni tisini na sita na vyote ni vikavu. Ile ndoo bado ipo, wasichana wanatilia brashi za viatu. Kitanda namba kumi na nne kilikuwa kimetandikwa, na juu yake kulikuwa na daftari limefunguliwa, wino haujachuruzika. Saa tisa kengele ililia kwenye nguzo zake, nikarudi.

Karani, sisi wenzako wa ofisini, masista, walimu, wapishi, matroni, fundi na mlinzi aliyekuwa akijificha, tunakuombea wewe na wifi afya, utulivu na miaka mingi nyuma ya mapazia yenu sita, mkiyafungua kila asubuhi saa mnayotaka wenyewe.

Nimeona. Asante.